Magadi, Natruni na Mizani ya Herufi

Apitaye sokoni Mkolani, kusini mwa jiji la Mwanza, huyakuta magadi yamepangwa mafungu mafungu juu ya gunia, mabonge ya kijivu yaliyotoka ungaunga mweupe, na mama mwenye kununua fungu kwa ajili ya maharage yake hana haja ya kuuliza limeumbwa na nini; lakini mwanawe aliyetoka shule ana daftari ambamo bonge lile lile limeandikwa Na₂CO₃ (ijapokuwa ya ziwani huwa na bikaboneti na maji ndani yake), naye hutaabika kufahamu kwa nini sodiamu imefupishwa kwa herufi zisizoanzia jina lake.

Jawabu lina ladha kwetu wasemaji wa Kiswahili. Waarabu waliyaita magadi ya Misri natrun, na bonde la Wadi Natrun lachukua jina hilo hata leo; basi Humphry Davy alipoitenga metali yenyewe mwaka 1807 na kuiita sodiamu, Berzelius wa Uswidi, aliyeanzisha herufi hizi katika miaka ya 1810, alilifuata jina la natrium, ikawa Na. K ya potasiamu nayo ni kalium, asili yake al-qali, yaani majivu ya mimea. Kwa hiyo Ziwa Natron la kwetu na Ziwa Magadi la Kenya ni majirani wenye jina moja kwa lugha mbili.

Kabla ya herufi hizo kulikuwa na miguu. Wasukuma walifunga misafara hadi Ziwa Eyasi kuchota chumvi, nayo huchanganyika na magadi. Na kutoka magharibi ilikuja chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa katika maji ya chemchemi tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Hizo zilibainishwa kwa ulimi.

Mwaka 1787, mjini Paris, Lavoisier na wenzake watatu, Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy, walitaka jina la kitu litaje asili yake. Majina ya zamani, kama yetu ya mrututu, shabu na shura, mimi siyadharau, kwani yalimtosha muuzaji na mganga. Ila mrututu hausemi kuwa ndani yake mna shaba na salfeti, wala kwamba chaji mbili za huyu zalingana na mbili za yule, ndipo ikaandikwa CuSO₄. Sodiamu ina chaji moja tu, kaboneti mbili, basi sodiamu mbili ndizo zisawazishazo mizani. Kloridi ina moja, ikatosha NaCl. Chuma ndicho msumbufu, maana huja na mbili au na tatu, hata Alfred Stock mwaka 1919 akashauri tarakimu za Kirumi: kutu ya msumari, ukiacha maji yake, ni oksidi ya chuma(III), Fe₂O₃, tatu mara mbili kwa mbili mara tatu.

Mtoto wa Mkolani akikamua limau juu ya bonge la mamaye, litatoa povu na kufoka, kaboneti ikiachia hewa yake. Akikamua juu ya chumvi ya Uvinza, itanyamaza.