Kompyuta Iliyoachwa Nje ya Kabati

Mwaka wa 1971, kule California, kulikuwa na timu mbili, kila moja ya watu wawili, zilizokuwa zikihangaikia swali moja: utaweka kompyuta gani ndani ya sanduku ili mpita njia atie sarafu, acheze gemu, kisha aende zake?

Gemu waliyoipenda wote ilikuwa Spacewar!, iliyoandikwa na Steve Russell na wenzake pale MIT mwaka wa 1962. Vyombo viwili vya angani vinarushiana makombora huku nyota iliyo katikati ikivivuta viungue. Tatizo ni kwamba ilichezewa kwenye PDP-1, mashine ya dola 120,000 hivi. Kama huna ruhusa ya kuingia maabara, basi hiyo gemu utaisikia tu kwa watu.

Timu ya kwanza, Bill Pitts na Hugh Tuck, ilikata shauri kununua kompyuta kamili. Walichukua PDP-11, wakaiunganisha na skrini na vijiti, wakaweka mashine yao, Galaxy Game, katika Chuo Kikuu cha Stanford. Iliwagharimu dola 20,000 hivi. Bei ya mchezo? Senti 10. Piga hesabu mwenyewe: michezo 200,000 ndipo pesa zirudi, na hapo hujalipa stima. Wanafunzi waliipenda, walipanga foleni, na ilikaa chuoni hadi 1979. Lakini haikuwa biashara.

Timu ya pili ilikuwa Nolan Bushnell na Ted Dabney. Nao mwanzoni walifikiria kompyuta, ile ndogo ya Data General iliyoitwa Nova, moja iendeshe skrini kadhaa. Bei ikagoma, kasi nayo ikagoma. Wakafanya jambo ambalo mimi naliona la ujasiri kabisa: wakaiacha kompyuta. Ndani ya kabati lao, Computer Space, hakuna prosesa wala programu. Kuna bodi zenye chipu za bei nafuu, kila chipu na kakazi kake, na picha inatokea kwenye TV ya kawaida isiyo na rangi. Mwaka uliofuata wakaanzisha Atari, mfanyakazi wao Allan Alcorn akaunda Pong kwa njia hiyo hiyo. Kabati la kwanza la Pong liliwekwa kwenye baa moja mjini Sunnyvale. Muda si muda likaacha kufanya kazi, na Alcorn alipoenda kulifungua akakuta sarafu zimejaa hadi zimekwamisha mashine.

Nazisoma habari hizi kwa sababu mimi na binamu yangu, fundi seremala, tunaunda kabati letu la gemu. Litakaa kwenye kona ya kinyozi hapa mtaani kwetu Nairobi. Mbao tunazo. Kila tukiuliza kuhusu kompyuta, tunajibiwa vile Pitts na Tuck wangejibu: nunua kubwa, nunua mpya, weka kadi ya michoro. Jamaa mmoja mjini alituandikia orodha ya vitu inayopita kodi ya binamu ya miezi minne. Wazee wa 1971 wamenifundisha kuuliza kwanza: gemu zipi, za nani, na nani atalipa?

Tuanze na gemu. Prosesa iliingia kabatini mwaka wa 1975 na Gun Fight ya kampuni ya Midway, iliyotumia Intel 8080. Mwaka wa 1978 Tomohiro Nishikado akatumia chipu hiyo hiyo kule Japani kwenye Space Invaders. Ilikuwa inalemewa na kazi ya kuchora wavamizi wote. Ukiwaua, kazi inapungua, na waliobaki wanakimbia zaidi. Nishikado akaona utamu wake, akaacha ibaki hivyo. Kwa hivyo ule mchecheto unaoupata mwishoni ulitokana na chipu iliyochoka. Pac-Man ya 1980 ilitumia Z80 yenye kasi ya megahezi 3 hivi. Street Fighter II ya 1991 ilitumia Motorola 68000. Simu iliyo mkononi mwako inazipita zote kwa mbali sana.

Mwaka wa 1997 Mwitaliano Nicola Salmoria akatoa MAME, programu inayoiga bodi za zamani ndani ya kompyuta ya kawaida. Kuiga ni kazi nzito kuliko kucheza, lakini kwa gemu za miaka ya 80 na mwanzo wa 90, kompyuta ya ofisi ya mtumba inatosha na chenji inabaki. Gemu za 3D za mwisho wa miaka ya 90 ndizo zinazotaka misuli. Na kuna kichekesho: Pong, ya zamani kuliko zote hizo, inaisumbua kompyuta kuliko Pac-Man. Haina programu ya kunakili, ni saketi tupu, kwa hivyo lazima kompyuta ihesabu mwenendo wa umeme wenyewe.

Upande mwingine kuna Raspberry Pi, kijibodi kilichotoka Uingereza mwaka wa 2012. Kinakula stima kidogo sana na kinaenea kiganjani. Lakini kikikatiwa stima ghafla, kadi yake ya kumbukumbu inaweza kuharibika, na hapa kwetu stima hupotea bila hodi. Sisi tumechagua kompyuta ndogo ya mezani, ya mtumba, yenye diski ya SSD na Linux. Stima ikirudi, inajiwasha yenyewe. Ikifa, RAM na pawa zake ziko kwenye kila meza ya fundi pale Luthuli. Ndiyo, inakula tokeni zaidi ya Pi, lakini kinyozi amekubali kulipa, maana mtu akingoja zamu yake akicheza, hataondoka. Pesa zilizobaki zimeenda kwenye vijiti na vitufe. Huko ndiko mikono ya watoto itagonga kutwa.

Tundu la sarafu hatuweki. MAME ni bure, ila gemu nyingi zina wenyewe, na kutoza watu mbao kwa mali ya mwingine ni wizi. Hata kuziweka bila kutoza kunahitaji ruhusa, kwa hivyo tunaanza na zile ambazo waundaji wake wameziachia umma.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokata. Maabara ya kompyuta ilikuwa na kufuli, na kadi yangu ikaacha kuifungua. Ndiyo maana hadithi ya Bushnell na Dabney hainitoki. Walichukua kitu kilichofungiwa maabara wakakiweka mahali ambapo mtu yeyote anaweza kukigusa. Waliweza kwa sababu walinunua tu kile ambacho kazi ilihitaji.

Kwa hivyo kama nawe unataka kuunda kabati, andika kwanza majina ya gemu kwenye karatasi. Halafu nenda dukani na hiyo karatasi, na usikubali kuuziwa kitu ambacho hakimo.