Uhuru ya Ngomeni: idara ya chuo kikuu iliyokuwa na uwanja wa roketi baharini

Ukisoma makala za fizikia ya nyota utakutana na majina ya ajabu kama 4U 1820-30 au 4U 1700-37. Tarakimu za mwisho zinakuelekeza kitu kilipo angani, na ile 4 maana yake ni toleo la nne la katalogi. Herufi U je? Ni Uhuru. Ndiyo, uhuru huu huu wetu wa Kiswahili. Kila mwanafunzi wa udaktari anayesimama mbele ya ukumbi, awe Tokyo au Cambridge, kuzungumzia vitu hivyo, analitaja neno letu kwa kifupi. Sidhani kama wengi wao wanajua limetoka lugha gani.

Sisi tunaofanya uzamili hapa Morogoro, chini ya Uluguru, tumezoea picha za setilaiti. Mtu akija kwenye semina kuzungumzia misitu ya Uluguru, bwawa la Mindu au mto Ruvu, slaidi ya tatu au ya nne lazima iwe picha iliyopigwa kutoka juu, na nusu yake mawingu. Tunaichukulia setilaiti kama kitu kinachotoka mbali kabisa na sisi. Kumbe kuna kipindi zilikuwa zinarushwa kutoka pwani hii hii ya Afrika Mashariki, kaskazini ya Malindi, na waliozirusha walikuwa watu wa idara ya chuo kikuu.

Mwenye idara alikuwa Luigi Broglio, mhandisi, afisa wa Jeshi la Anga la Italia na profesa aliyeongoza skuli ya uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma, kile kinachoitwa La Sapienza. Swali lake lilikuwa la kisemina kabisa: huko juu, kilomita mia kadhaa kutoka ardhini, hewa ina uzito kiasi gani? Tunasema angani hakuna hewa, lakini si kweli. Ipo, nyembamba mno, na inatosha kuisukuma setilaiti nyuma kidogo kidogo mpaka inaporomoka. Usipojua wingi wa hewa hiyo huwezi kutabiri setilaiti itadumu muda gani.

Yeyote aliyewahi kutetea pendekezo la utafiti anajua swali linalofuata kutoka kwenye jopo: sawa, utapimaje? Jibu la Broglio ndilo lililomfanya akumbukwe. Alibuni setilaiti yenye ganda jepesi nje na mwili mzito ndani, vimeunganishwa kwa mikono inayonepa. Hewa ikiligonga ganda, ganda linasogea kidogo sana kuhusiana na kile kilichomo ndani, na kusogea huko kunapimwa. Yaani setilaiti nzima ni mizani. Mpaka leo inaitwa mizani ya Broglio.

Mwaka 1962 Italia na Marekani zilikubaliana. Wamarekani wangetoa roketi aina ya Scout, yenye ngazi nne na fueli yabisi, pamoja na mafunzo. Waitaliano wangejenga setilaiti na kuirusha wenyewe. San Marco 1 iliondoka tarehe 15 Desemba 1964 kutoka Wallops, Marekani, mikononi mwa timu ya Waitaliano. Lakini Broglio alitaka ikweta, kwa sababu hewa ya juu ya ikweta ndiyo iliyokuwa haijapimwa vizuri.

Ikweta ina faida nyingine, na hapa inafaa tupige hesabu kidogo. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa nayo kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Mtu wa Roma anabebwa kwa kama 1,240. Roketi inayoelekea mashariki inaondoka na kasi hiyo mkononi, bure. Morogoro, nyuzi karibu 7 kusini, tunapoteza kilomita kumi na kitu tu, kwa hiyo kihesabu hata Uluguru pangefaa. Tatizo ni kwamba ngazi ya kwanza ya roketi ikishamaliza fueli inaanguka, na kwetu ingewaangukia watu wa Matombo. Ngomeni, karibu nyuzi 3 kusini, mashariki yake ni Bahari ya Hindi tupu.

Basi wakajenga baharini. Jukwaa moja, Santa Rita, lilikuwa la kuchimbia mafuta, likabadilishwa kuwa chumba cha kuongozea urushaji. La pili, San Marco, lilisimama kwa miguu ya chuma na kubeba mnara wa roketi. Kati ya hayo mawili zilipita nyaya chini ya maji. Roketi ndogo za majaribio zilianza kuruka kutoka Santa Rita mwaka 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kupata uhuru. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikapanda kutoka pale ikiwa na mizani yake. Kati ya 1967 na 1988 roketi tisa za Scout ziliweka setilaiti kwenye mzingo kutoka Ngomeni, na hakuna hata moja iliyoshindwa. Kwa roketi za zama zile, hiyo ni rekodi ya kuheshimika.

Ya pili kati ya hizo tisa ndiyo iliyotupa herufi U. Ilikuwa ya Wamarekani, ya kutafuta vyanzo vya eksirei angani. Angahewa inazimeza eksirei zote kabla hazijafika chini, kwa hiyo mpaka wakati huo wanasayansi walitegemea roketi ndogo zinazochungulia juu kwa dakika chache na kurudi. Kundi la Riccardo Giacconi lilitaka kifaa kinachokaa juu kwa miezi, na mzingo wa chini juu ya ikweta ulifaa kwa sababu unakwepa mikanda ya mnururisho inayovuruga vipimo. Urushaji ulifanyika tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi upande wa NASA, akaiita Uhuru kwa heshima ya wenyeji.

Ilifanya kazi mpaka 1973. Ilikuta kwamba Centaurus X-3 inapiga mapigo kila baada ya sekunde 4.8. Ilikuta pia kwamba Cygnus X-1 inameremeta kwa haraka mno, chini ya sekunde moja, jambo linaloonyesha kitu kidogo sana kwa umbo. Hicho kikaja kuwa shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wanasayansi wengi. Katalogi ya nne ilitoka mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339, na Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Katalogi hiyo ina waandishi wanane, kuanzia Forman hadi Giacconi. Hakuna jina la Afrika Mashariki. Mimi hili linanisumbua kuliko nilivyotarajia, na si kwa sababu naona njama. Tazama mwaka wenyewe. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimetoka tu kugawanyika kuwa vitatu: Nairobi, Dar es Salaam na Makerere. Hapa Morogoro chuo cha kilimo, kilichoanza 1965 kwa kufundisha stashahada, ndicho kwanza kilikuwa kinageuzwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. SUA yenyewe ikaja 1984. Hatukuwa na chumba ambamo mtu angesimama na kuuliza swali kuhusu hewa ya juu ya ikweta, akapingwa, akarudi wiki ijayo na jibu bora. Tulikuwa na ikweta, bahari na ukarimu. Ukarimu ukapewa jina la setilaiti, na semina zikafanyika kwingine.

Ndiyo maana mazungumzo ya baadaye kati ya Kenya na Italia kuhusu kituo cha Malindi, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Broglio, yalisisitiza sana mafunzo. Tarehe 11 Mei 2018 mchemraba wa sentimita 10 uitwao 1KUNS-PF uliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu. Ulikuwa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, umetengenezwa kwa kushirikiana na La Sapienza, na Japani ndiyo iliyouachia. Ilikuwa setilaiti ya kwanza ya Kenya. Ulizunguka kama miaka miwili hivi, ukishuka taratibu, kisha ukaungua. Kilichoushusha ni ile hewa nyembamba ya huko juu, ambayo mizani ya Broglio ilitengenezwa kuipima.