Anayetaharuki ni Msomaji, si Kitabu

Neno taharuki limeteswa sana katika madarasa yetu. Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne, kuanzia Njoro hadi Bahati, atakujibu bila kusita kwamba taharuki ni mbinu ya mwandishi ya kumtia msomaji hamu ya kujua kitakachofuata. Jibu hilo lina alama zake, sina ugomvi nalo. Lakini taharuki kwa asili ni kitenzi. Tumelipata neno hilo kutoka Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupa harakati, na maana yake ni kushtuka, kufadhaika, kutotulia. Anayetaharuki ni mtu. Kitabu kimelala tu mezani.

Nalitaja hili kwa sababu ya malalamiko ninayoyasikia kila mara kutoka kwa wazazi na walimu wenzangu hapa Nakuru. Wanasema vijana wamezama katika riwaya za fantasia, zile za mazimwi, wachawi na watoto wanaoruka kwa mifagio. Mhusika akifa, msichana mzima wa miaka 16 analia na kukataa chakula. Mzazi husema hiyo ni kasumba ya kizungu. Mwalimu naye husema ni kupoteza wakati, maana vitabu hivyo havitahiniwi. Mie naona historia ya usomaji wa Kiswahili inawakana wote wawili.

Hebu tuangalie vijana wa mwanzo waliosoma Kiswahili sanifu walipewa nini. Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, alitafsiri Mashimo ya Mfalme Suleiman, kikachapishwa mwaka 1929. Hekaya za Alfu Lela U Lela nazo zilipita mikononi mwake na mwa mwenzake, Edwin Brenn. Mwaka 1940 ikaja Elisi katika Nchi ya Ajabu. Serikali ya kikoloni ilitaka vitabu vya kufunzia kusoma, ikaleta majini, ajuza wachawi na sungura mwenye saa. Na hao wageni hawakukuta nyumba tupu. Hapa kwetu Menengai ipo juu ya mji, na Wagikuyu huiita Kirima kia Ngoma, kilima cha pepo. Husimuliwa kwamba mvuke unaofuka kutoka bondeni mwake ni roho za wapiganaji wa Kimaasai waliotumbukizwa humo katika vita vya karne ya 19. Mtoto aliyelelewa chini ya mlima huo hahitaji riwaya ya Mwingereza ili afundishwe kuogopa kisichoonekana.

Kitabu kinachonipa ushahidi mkubwa zaidi ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Msingi wake ni hekaya ya Abdallah bin Fadhili katika Alfu Lela U Lela, mtu ambaye ndugu zake wawili waligeuzwa mbwa. Shaaban aliwageuza manyani, akawaita Hasidi na Mwivu. Ndugu hao walimtupa Adili baharini kwa kijicho, na Huria, binti wa majini, akawaadhibu. Lakini adhabu yenyewe ilimwangukia Adili pia, kwani aliamriwa kuwapiga manyani wale kila usiku. Anapiga, kisha analia. Katika fasihi yetu ya vijana sijui mahali pengine ambapo huruma na kisasi vimefungwa kamba moja namna hiyo. Msomaji hana pa kukimbilia. Akifurahia kiboko, anaona machozi ya anayepiga. Akiwahurumia manyani, anakumbuka bahari.

Shaaban alibadilisha jambo jingine kubwa zaidi ya mbwa na manyani. Katika hekaya ya Kiarabu, ndugu wakishasamehewa hurudia uovu wao na kumuua Abdallah. Kwa Shaaban wanatubu, wanarudishiwa utu wao na mambo yanaisha kwa heri. Wahakiki wengi hulieleza hilo kwa falsafa yake ya utu, na wana haki. Ila wao huandika kana kwamba kila msomaji huupokea mwisho huo kwa shukrani.

Nilikisoma kitabu hicho na kidato cha pili mwaka 2009, katika shule moja ya hapa Nakuru. Januari ya mwaka uliotangulia mji huu ulikuwa umewaka moto, majirani wakakatana mapanga, na maelfu wakalala katika uwanja wa maonyesho. Baadhi ya wanafunzi wangu walikuwa wamepitia kambini. Tulipofika pale ndugu wanapovuliwa unyani, mvulana mmoja aliinua mkono, akasema, "Mwalimu, huyu Adili anatuchezea." Darasa likalipuka. Wapo waliotaka manyani wabaki manyani. Msichana mmoja akasema kwao jirani alirudi na kuomba maji ya kunywa, na mama yake akampa, na yeye mwenyewe hajui mpaka leo kama mama alifanya vyema. Mwongozo niliokuwa nao mkononi ulinitaka niandike ubaoni "dhamira: msamaha". Niliandika. Lakini mjadala wa siku ile haukuhusu dhamira. Ulihusu hasira, na jini wa mwaka 1952 ndiye aliyeifungulia mlango. Riwaya ya kihalisia yenye mapanga na nyumba zilizoungua isingeweza, nadhani. Wangeinamisha vichwa.

Mwitikio mwingine ni hofu, nayo ina historia yake ya kisiasa. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikawekwa hadharani mwaka 1999. Katika miaka hiyo kijana wa bweni aliyekutwa na kitabu chenye picha ya joka jaladani aliweza kuitwa ofisini. Kwa hiyo vitabu vya J. K. Rowling, vilivyoanza kutoka mwaka 1997, vilitufikia tukiwa tayari tumeshtuka. Hofu ya wazazi wa leo si ya kuzuka tu, imerithiwa.

Kichekesho ni kwamba riwaya ya ajabu inayoihusu Nakuru zaidi ya zote ina shetani waziwazi katika anwani. Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilitoka kwa Kigikuyu mwaka 1980 na kwa Kiswahili mwaka 1982. Wariinga, shujaa wake, amesoma hapa mjini, na ndoto yake ya shetani aliyevaa suti na kusulubiwa na watu waliovaa matambara inamwandama tangu ujana wake wa shule. Ngũgĩ ameeleza jinsi toleo la Kigikuyu lilivyosomwa kwa sauti majumbani na hata baani, msomaji akinyamaza glasi yake inapokauka mpaka wasikilizaji waijaze. Huko watu walicheka na kulaani pamoja, na hakuna aliyewaomba wataje mbinu. Kisha ikaja Matigari, mwaka 1986. Habari zikaenea kwamba kuna mtu anayezunguka nchi akiuliza wapi ukweli na haki vinapatikana. Ngũgĩ asema amri ya kumkamata ilitolewa, hadi polisi walipogundua kwamba mtu huyo ni mhusika wa riwaya, na mnamo Februari 1987 kitabu kikakusanywa madukani. Ala! Kama ni kutekwa na bunilizi, mtoto anayelilia mchawi wa kwenye kitabu ana wakubwa wake.

Siku hizi, kabla ya kuuliza habari za dhamira, mimi huwauliza wanafunzi wangu swali moja: ulikifunga kitabu wapi, na kwa nini? Majibu huwa mafupi. Mmoja huandika kwamba alicheka akaogopa mama atasikia. Mwingine, kwamba alikifunga kwa sababu stima ilipotea. Muhula uliopita msichana anayeishi Bondeni alinijibu kuhusu Shetani Msalabani. Alikifunga pale Wariinga, akiwa mjamzito na kuachwa na yule tajiri wa Ngorika, anapoelekea kwenye reli ya Nakuru ili gari moshi limmalize. Aliandika kwamba reli hiyo huivuka kila asubuhi akija shuleni, na kwamba siku tatu alizunguka njia ya mbali kabla ya kukifungua tena.