Almasi, Dhiraa na Piramidi

Ukishika simu siku hizi hukosi video inayodai kwamba Wamisri wa kale waliiga umbo la fuwele ili wanase nguvu za ajabu. Inanikera, ingawa nakiri mfanano upo. Chukua almasi mbichi ya Mwadui, Shinyanga, mgodi uliogunduliwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Almasi ambayo haijaguswa na fundi mara nyingi huwa kama piramidi mbili zilizogusanishwa kitako kwa kitako. Hakuna aliyeichonga. Atomu za kaboni zilijipanga zenyewe huko chini kabisa ardhini, kila moja ikishikana na nne, na pande zinazokua taratibu kuliko nyingine ndizo zilizobaki kuonekana.

Haya, tupime. Ubavu wa almasi hiyo umeinuka nyuzi 54.7 kutoka kwenye kitako. Piramidi Kuu ya Khufu kule Giza ni nyuzi 51.8 hivi. Hazilingani. Inayoikaribia almasi iko Dahshur, ile ya Sneferu, baba yake Khufu, iliyoanza kwa nyuzi 54 na ushee. Ila haikufika juu hivyo. Jengo lilionyesha dalili za kulegea, mafundi wakashusha mwinuko hadi kama nyuzi 43, na mpaka leo limepinda kiunoni.

Angekuwa ananakili fuwele, fundi asingehangaika hivyo. Alikuwa anapiga hesabu, na hesabu zenyewe tunazo. Kwenye mafunjo yaliyoandikwa na karani Ahmes, kama mwaka 1550 kabla ya Kristo, kuna swali la piramidi yenye kitako cha dhiraa 360 na kimo cha dhiraa 250: kwa kila dhiraa moja ya kupanda, ukuta urudi ndani viganja vingapi? Jibu ni viganja 5 na sehemu moja ya 25. Dhiraa! Kipimo cha kiwiko hadi ncha ya kidole, ambacho bibi zetu wa pwani walipimia nguo.

Kinachochekesha ni kwamba kuiga kulienda upande wa pili. Mwaka 1784 Mfaransa René Just Haüy, akitaka kueleza fuwele, alisema zimejengwa kwa vitofali vidogo mno, safu juu ya safu, kila safu ikipungua, ngazi zake zisionekane kwa macho. Hiyo ni lugha ya mwashi kabisa.

Na waashi wa Giza walikuwa na watu wa kuwaletea mawe. Mwaka 2013, Wadi al-Jarf kwenye Bahari ya Shamu, yalipatikana mafunjo ya Merer, msimamizi wa kikosi cha watu kama 40 waliosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza, zamani za Khufu. Ndani hamna habari za nguvu za fuwele. Siku hii wamepakia mawe, usiku huu wamelala mahali fulani, kesho yake wamefika. Sisi wa Kigamboni, tunaohesabu siku zetu kwa pantoni, tungeelewana naye vizuri tu.