Divai ya Dodoma ilianzia altareni

Wadau, huko Florence, Italia, kuna ukoo wa Antinori. Wapo kwenye mvinyo tangu 1385, na kampuni bado ni ya familia. Sio mchezo!

Sasa tuje kwetu. Zabibu za Dodoma zilianza kabla ya Uhuru: wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walitaka divai ya misa. Ile nyekundu ya Makutupora inavunwa mara mbili kwa mwaka. Italia? Mara moja tu. Na Waitaliano wenyewe wakaja kufungua kiwanda, Cetawico, pale Hombolo.

Ila mkulima hana matangi ya kusindikia, akikosa mnunuzi zabibu zinamwozea shambani. Baba anauza kwa kilo, mtoto anakutana na chupa baa, jina lao halimo.