Mazoezi ya marathoni ya mlimani

Mazoezi ya marathoni ya mlimani ni maandalizi ya mwili na akili yanayofanywa na mkimbiaji anayetarajia kushiriki mbio ndefu katika njia ya kupanda na kushuka. Yanatofautiana na mazoezi ya marathoni ya kawaida kwa kuwa mkimbiaji hukabiliwa na mambo matatu zaidi ya umbali: mpando, mteremko na upungufu wa oksijeni hewani.

Nchini Tanzania mbio zinazojulikana zaidi za aina hii ni Kilimanjaro Marathon, zinazofanyika kila mwaka mjini Moshi. Miongoni mwa washiriki wake wamo wakimbiaji wa Dar es Salaam, jiji lililo kando ya bahari. Kwa mkazi wa mtaa tambarare kama Buguruni, swali kuu la mazoezi ni namna ya kujiandaa kwa ajili ya mlima mahali pasipo na mlima.

Maana na aina

Marathoni ina urefu wa kilomita 42.195. Neno "marathoni ya mlimani" hutumika kwa mbio zenye ugumu wa viwango tofauti. Jungfrau Marathon ya Uswisi, iliyoanza mwaka 1993, hupanda kutoka mji wa Interlaken hadi kwenye milima ya Alpi. Nchini Kamerun kuna mbio zinazofika karibu na kilele cha Mlima Kamerun kisha kurudi mjini Buea. Kilimanjaro Marathon ni nyepesi kuliko hizo, kwa sababu haiendi kwenye kilele cha mita 5,895 bali hupita barabarani katika miteremko ya chini ya mlima huo.

Njia ya Kilimanjaro Marathon

Mbio hizi zilianza mwaka 2003 na hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kuna marathoni kamili, nusu marathoni ya kilomita 21.1, na mbio za kujifurahisha za kilomita 5. Kwa miaka mingi mahali pa kuanzia na kumalizia pamekuwa uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Nusu ya kwanza ya marathoni kamili haina milima mikubwa, kwani huelekea upande wa barabara ya Dar es Salaam na kurudi mjini. Baada ya hapo wakimbiaji hupanda kuelekea Mweka, hugeuza takriban kilomita ya 32, kisha huteremka hadi uwanjani. Njia iko kati ya mita 830 hivi na 1,150 juu ya usawa wa bahari, hivyo mpando mkuu ni wa mita 320 hivi. Katika nusu marathoni, mpando wa Mweka huja mapema.

Mpangilio huu una maana kubwa katika mazoezi. Sukari iliyohifadhiwa katika misuli na ini huanza kumwishia mkimbiaji karibu na kilomita ya 30 ikiwa hakula chochote njiani. Wakimbiaji huiita hali hiyo "kugonga ukuta". Katika Kilimanjaro Marathon, ukuta huo na sehemu ya juu ya mpando hukutana mahali pamoja.

Mazingira ya Buguruni

Buguruni ni kata ya Wilaya ya Ilala katika Mkoa wa Dar es Salaam, nayo iko makumi machache tu ya mita juu ya usawa wa bahari. Inapitiwa na Barabara ya Uhuru na Barabara ya Mandela, ambayo hutumiwa na malori yanayotoka bandarini. Kwa sababu ya magari na jua, wengi hukimbia kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa moja asubuhi. Nguo za rangi angavu na kukimbia upande unaoelekeana na magari ni kinga ya lazima gizani.

Faida ya maeneo haya ni utamaduni wa kukimbia kwa vikundi. Ilala na Temeke zina vilabu vingi vya jogging, ambavyo wanachama wake huvaa fulana za aina moja na kukimbia wakiimba Jumapili asubuhi. Desturi hiyo inafanana na mchakamchaka wa shuleni na wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kikundi humsaidia mtu asikate tamaa na humpa usalama barabarani. Hata hivyo, mwendo wa kuimba ni wa taratibu na umbali wake kwa kawaida ni mfupi, hivyo hautoshi peke yake kwa marathoni.

Ratiba

Maandalizi ya marathoni huchukua wiki 16 hadi 20 kwa mtu aliyekwisha zoea kukimbia. Kwa mbio za mwisho wa Februari, mazoezi huanza Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, wakati wa mvua za vuli. Kwa wiki, wengi hupanga:

- mbio nyepesi mara mbili au tatu;
- zoezi moja la mpando;
- mbio ndefu moja, inayoongezwa polepole hadi kilomita 30 au 32;
- siku moja au mbili za kupumzika kabisa.

Umbali haupaswi kuongezwa kila wiki bila kikomo. Baada ya wiki tatu za kuongeza, wiki ya nne hupunguzwa ili mifupa na misuli ijijenge. Wiki mbili au tatu za mwisho mazoezi hupunguzwa tena. Kipindi hicho huwapa wengi wasiwasi, na kosa la kawaida ni kujaribu kufidia siku zilizopotea. Mazoezi yaliyokosekana Desemba hayawezi kulipwa wiki moja kabla ya mbio.

Kupanda

Mpando wa Mweka una wastani wa asilimia 3 hivi, yaani mita 3 za kupanda kwa kila mita 100 za mbele. Si mkali, ila ni mrefu. Mkimbiaji hufupisha hatua, huinua kifua na kupima juhudi kwa pumzi badala ya kasi.

Kwa mkazi wa Buguruni, mwinuko wa karibu ni Daraja la Mfugale katika makutano ya Tazara, lililofunguliwa mwaka 2018, lakini hiyo ni njia ya magari na haifai kuwa uwanja wa mazoezi. Vilima vya kweli viko Pugu na Kisarawe, ambako hufikiwa kwa Barabara ya Nyerere kupitia Gongo la Mboto. Wengine huenda Kimara kwa Barabara ya Morogoro.

Asiyeweza kusafiri anaweza kutumia ngazi. Jengo la ghorofa 10 lina urefu wa mita 30 hivi. Likipandwa mara 11, jumla ni mita 330, zaidi kidogo ya mpando wa Mweka. Zoezi hilo halifanywi kwa siku moja tangu mwanzo. Mkimbiaji huanza na mara tatu au nne na kuongeza kadiri wiki zinavyokwenda.

Kushuka

Mpanda ngazi hushuka, na wakimbiaji wageni huumia zaidi katika kushuka kuliko kupanda. Wakati wa kuteremka, misuli ya mbele ya paja hukaza huku ikirefushwa ili kuzuia mwili usianguke mbele. Kazi hiyo huchana nyuzinyuzi ndogo za misuli, na maumivu hufikia kilele siku moja hadi tatu baadaye. Mtu anaweza kufika Mweka akiwa na nguvu, kisha miguu ikakataa katika kilomita 10 za mwisho.

Dawa yake ni kuzoeza misuli mapema. Misuli iliyowahi kupata mteremko huumia kidogo zaidi mara inayofuata. Kwa hiyo anayekwenda Pugu hatakiwi kupanda kwa miguu na kurudi chini kwa bodaboda. Kuchuchumaa na kusimama, na kushuka ngazi polepole, pia husaidia.

Hewa, joto na maji

Katika mwinuko wa mita 1,000, kanieneo ya hewa huwa pungufu kwa asilimia 11 hivi kuliko ufukweni, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Mwili hujirekebisha kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, jambo linalohitaji wiki kadhaa. Mkimbiaji wa pwani anayefika Moshi siku mbili kabla ya mbio hapati faida hiyo, hivyo njia salama ni kuanza taratibu.

Kwa upande mwingine, joto la Dar es Salaam lina faida. Baada ya siku 10 hadi 14 za mazoezi katika joto, majimaji ya damu huongezeka na jasho huanza mapema. Mazoea hayo humsaidia mkimbiaji jua la Moshi linapopanda.

Upungufu wa maji ni hatari, lakini kunywa maji mengi mno bila chumvi pia ni hatari, kwa sababu hushusha kiwango cha chumvi katika damu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na kuchanganyikiwa.

Chakula na funga

Ugali, wali, viazi vitamu, mihogo na ndizi hutoa wanga wa kutosha. Maharage, dagaa na mayai hujenga misuli. Chakula cha njiani kijaribiwe kwanza mazoezini. Katika miaka ambayo Ramadhani huangukia Februari, kama mwaka 2026, wakimbiaji wanaofunga huhamishia mazoezi baada ya futari na kuyapunguza.

Majeraha na maradhi

Majeraha ya kawaida ni maumivu ya goti, ugoko na kisigino. Maumivu ya mfupa yanayoongezeka kila siku huweza kuwa ufa mdogo, nayo huhitaji kuonwa na daktari. Mwenye homa hapaswi kukimbia. Malaria hupunguza damu, na kurudi mazoezini mapema hurefusha ugonjwa. Wenye urithi wa selimundu wapate ushauri wa kitabibu kabla ya kuanza, kwani juhudi kubwa katika joto na mwinuko huweza kuwadhuru.

Mfano wa kihistoria

Athari za mwinuko zilionekana wazi katika Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico City, ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mtanzania John Stephen Akhwari alibanwa na misuli, akaanguka na kuumia goti, lakini alimaliza marathoni akiwa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Mwaka 2025 Mtanzania mwingine, Alphonce Simbu, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, baada ya kupata medali ya shaba mjini London mwaka 2017.