Makumbi, Sumaku na Maji Taka ya Unguja

Jambiani na Bwejuu, wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani inayokupwa na kujaa. Huyaacha kwa miezi, kisha huyafukua na kuyatwanga hadi yatoe usumba wa kusokotea kamba. Vifuu navyo vina sifa yake: mkaa wake ni mgumu, na moto wake katika pasi hukaa. Mkaa huohuo, uliojaa vitundu visivyoonekana kwa macho, ndio unaowavutia wanakemia leo. Wanataka uwe chombo cha kunasia risasi, kadimi na shaba zilizomo katika maji taka. Makala haya yanadai kwamba chombo hicho kinaifaa Unguja, ila si mahali mawazo yanapokimbilia kwanza, yaani kwenye mabomba ya Mji Mkongwe yanayomwaga baharini.

Utengenezaji wake hauna siri. Vifuu au makumbi makavu huchomwa katika tanuri lisiloingiza hewa, kwenye joto la nyuzi 400 hadi 700 hivi za Selsiasi. Mkaa husagwa, ukachanganywa na maji yenye chumvi za aina mbili za chuma, kisha hutiwa amonia au soda kali. Maji hugeuka meusi tii: chembe za magnetaiti, Fe3O4, zinazovutwa na sumaku, zimejishika kwenye mkaa. Risasi hunaswa na oksijeni iliyo juu ya mkaa na juu ya chembe hizo za chuma, na nyingine huganda pamoja na madini yaliyobaki kwenye majivu.

Sumaku yenyewe haisafishi maji. Kazi yake ni kuurudisha unga. Unga wa mkaa unaonasa vizuri huwa mwembamba, na mwembamba huziba chujio au huenda na maji ukiwa umebeba sumu. Chukua glasi ya maji yaliyokorogwa na mkaa huu, uiegemeze kwenye sumaku iliyotolewa katika spika mbovu. Weusi wote husogea upande mmoja na kusimama kwenye kioo kama nywele fupi, na kupitia upande wa pili utasoma gazeti. Kwa karakana isiyo na mashine za kuchujia, hiyo ni faida kubwa.

Sasa turudi Mji Mkongwe. Taasisi ya Sayansi za Bahari ilianzishwa mwaka 1978, na uchafuzi wa bahari inayozunguka mji umekuwa miongoni mwa mambo yanayochunguzwa na wataalamu wake. Mzigo mkubwa wa mabomba yale ni vinyesi, naitrojeni na fosforasi. Mkaa-sumaku si dawa ya kipindupindu, wala hauwezi kuchukua nafasi ya mtambo wa kusafisha maji taka. Zaidi ya hayo, maji yakishachanganyika na bahari, kalsiamu na magnesiamu hugombea nafasi zilezile ambazo risasi ingekalia. Kupeleka mkaa huko ni kuutupa.

Mahali pake ni mfereji wa gereji, karakana ya betri, kiwanda kidogo cha kupaka chuma rangi. Hapo maji ni machache, metali ni nyingi, na chumvi ya bahari haijaingia. Tena kisiwa chenyewe kinadai hivyo. Sehemu kubwa ya Unguja ni jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Kinachomwagwa juu leo kinaweza kufika kisimani kabla udongo haujakichuja. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha risasi katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita, ilhali zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Wanaodhani hofu hii imekuzwa wavuke hadi Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliacha risasi katika damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fedha haiitoi risasi katika mfupa wa mtoto.

Swali linalonikera katika tafiti nyingi za aina hii ni moja: mkaa uliokwisha kunasa unakwenda wapi? Metali haiozi wala haiungui. Ukiuosha mkaa kwa asidi uutumie tena, risasi imehamia kwenye asidi, na asidi ikiwa kali huila hata magnetaiti. Hatari zaidi ni kwamba mkaa wa mimea unasifiwa, kwa haki, kama rutuba ya shamba. Mkulima wa Cheju akipewa gunia la mkaa mweusi bila kuambiwa ulikotoka, ataumwaga kwenye mpunga. Arusha, ambako mkaa wa mifupa umetumika kupunguza floraidi, somo ni hilohilo: mkaa hushiba, na lazima awepo wa kuubadilisha.

Kwa hiyo nawaomba watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na wenzao wa Taasisi ya Sayansi za Bahari waache kujipima kwa maji safi ya maabara yaliyotiwa chumvi ya risasi. Wachote maji ya gereji yenyewe, yenye grisi, sabuni na matope, wapime hayo. Na kabla gunia la kwanza halijatoka tanurini, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar itaje kwa maandishi nani atakayelipokea likishashiba sumu, na litahifadhiwa wapi.